Unaenda Louvre, Paris? Soma hapa kabla hujakata tiketi

Kilimahewa

Wakuu, salaam.

Kiangazi cha Ulaya kikikaribia tu, simu yangu haitulii. Ndugu, marafiki, marafiki wa ndugu, wote wimbo mmoja: tunakuja, Paris tutapita, na Mona Lisa lazima tumwone. Mimi naishi Brussels, treni ya haraka mpaka Paris haifiki saa moja na nusu, kwa hiyo kazi ya kusindikiza wageni inaniangukia. Nimechoka kurudia maelezo yale yale WhatsApp. Nayaweka hapa yote. Mwenye swali aulize, mwenye nyongeza aongeze.

Jumanne kumefungwa. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloliza watu. Makumbusho mengi hufunga Jumatatu, Louvre hufunga Jumanne, pamoja na 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Siku nyingine wanafungua saa 3 asubuhi na kufunga saa 12 jioni, isipokuwa Jumatano na Ijumaa wanapokwenda mpaka saa 3 usiku. Usihesabu dakika ya mwisho. Kuingia kunakoma saa nzima kabla ya kufunga, na ikibaki nusu saa walinzi wanaanza kuwatoa watu vyumbani, chumba kimoja baada ya kingine, kwa upole usio na mjadala. Tiketi inaandikwa saa za Kizungu, hivyo 15:00 ni saa 9 alasiri. Msicheke, kuna watu wazima wamechanganya.

Tiketi kata mtandaoni, kwenye tovuti yao wenyewe, ticket.louvre.fr, na uchague saa ya kuingia. Makumbusho yamejiwekea kikomo cha watu 30,000 kwa siku, na mwaka 2024 waliingia watu milioni 8.7. Piga hesabu mwenyewe. Ukijitokeza mlangoni mwezi wa Julai bila tiketi, jiandae kuliangalia jengo kwa nje. Ni zuri, lakini hukupanda ndege kwa ajili ya ukuta.

Bei ndiyo imezua kelele. Tangu 14 Januari 2026, asiye raia wala mkaazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya (nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein) analipa euro 32. Wengine wanalipa 22. Angalieni hilo neno mkaazi: pasi yako ikiwa ya Kenya na kibali chako cha ukaazi kikiwa cha Ujerumani, wewe ni wa 22. Ndugu zetu wa London na Birmingham, Uingereza ilishajitoa, nyie ni 32. Walio chini ya miaka 18 wote bure, atoke Mbagala atoke Marseille. Na wanafunzi, hili wengi hawalijui: mwenye miaka 18 hadi 25 na ukaazi wa nchi hizo anaingia bure hata kama pasi yake ni ya Tanzania. Ila bure nayo inakatiwa tiketi ya saa kwenye tovuti hiyo hiyo, na mlangoni uwe na kitambulisho pamoja na kibali chako.

Ukishalipa umelipa, hela hairudi na tarehe haibadiliki. Una dakika 30 kuanzia saa iliyoandikwa. Ukitoka nje ya makumbusho, tiketi hiyo imekwisha kazi. Na pale uwanjani kwenye piramidi ukifuatwa na kijana mwenye tiketi za "njia ya mkato", mwambie asante na uendelee na safari yako.

Mizigo sasa. Begi linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 haliingii, na wala hawalipokei kukutunzia. Lililo dogo kuliko hapo unaweza kuliacha kwenye makabati ya bure chini ya piramidi. Nawasema hasa wale wa mpango wa "tunashuka Charles de Gaulle, tunapitia Louvre, halafu treni ya jioni". Na masanduku ya kilo 23 mtayapeleka wapi? Acheni hotelini, au kwenye makabati ya kulipia ya stesheni kama Gare du Nord.

Picha za simu ruksa kwa matumizi yako mwenyewe. Flashi hapana, fimbo ya selfi hapana, stendi ya miguu mitatu hapana. Maonyesho ya muda yana masharti yake, soma kibao mlangoni. Kula na kunywa vyumbani hairuhusiwi. Chupa ya maji ifunge, ikae kwenye begi. Kugusa sanamu, sidhani kama kuna haja ya kueleza.

Njia ya kufika: metro mstari wa 1 au wa 7, shuka Palais Royal – Musée du Louvre. Mstari wa 1 una kituo kingine kinaitwa Louvre-Rivoli, jina linashawishi, lakini kutoka pale una mwendo. Ukishuka Palais Royal fuata vibao vya chini kwa chini vya Carrousel du Louvre, unatokea kwenye piramidi iliyopinduliwa kichwa chini, na mlango wa ukaguzi uko hapo hapo. Mwenye tiketi anaweza kuingilia huko, na siku ya mvua au jua kali utanikumbuka. Mlango maarufu ni ule wa piramidi ya kioo yenyewe, ile aliyoibuni msanifu majengo I. M. Pei ikafunguliwa 1989. Kote kuna mashine za kukagua mabegi kama uwanja wa ndege, hivyo visu vya kukatia matunda acheni nyumbani.

Ndani kuna pande tatu: Denon, Sully na Richelieu. Lilianza kama ngome ya mfalme Philippe Auguste mwishoni mwa karne ya 12, likawa kasri, likafunguliwa kuwa makumbusho 10 Agosti 1793. Kazi zilizo wazi kwa watazamaji ni kama 35,000. Ukitoa nusu dakika kwa kila moja, bila kula wala kwenda chooni, unahitaji zaidi ya saa 290. Kwa hiyo mpango wa "tuone yote" ufuteni. Ushauri wangu ni mmoja: chagua upande mmoja, ongeza vitu viwili vitatu kutoka upande mwingine, mengine yaache bila kuona haya. Wageni wangu waliofurahi ni wale walioona kidogo. Waliokimbia kutoka chumba hadi chumba walitoka na picha mia tano kwenye simu na malengelenge miguuni.

---

Nyang'oma Jr

Nimeweka kambi hapa. Mleta uzi, umesema mengi lakini la Mona Lisa hujagusa. Ni kweli ni kadogo hivyo?

---

Kilimahewa

Ni sentimita 77 kwa 53, mkuu. Kamechorwa juu ya ubao wa mti, kako nyuma ya kioo kisichopenya risasi, na mbele yako kuna umati wenye simu juu. Ni chumba namba 711, upande wa Denon, ghorofa ya kwanza. Huhitaji ramani, fuata watu na vibao vyenye picha yake.

Utaratibu ni huu: foleni inazungushwa kwa kamba, unasogea, unafika mbele, unapata muda mfupi, mlinzi anakuashiria upishe. Hutasimama pale kutafakari. Kwa hiyo ukiwa bado kwenye foleni weka simu mfukoni kwanza, mwangalie kwa macho yako, picha piga mwishoni. Picha yake nzuri imejaa mtandaoni, yako haitaishinda.

Sasa sikilizeni nachotaka kuwaambia hasa. Ukishapishwa, geuka nyuma. Ukuta mzima wa upande wa pili umefunikwa na Harusi ya Kana ya mchoraji Veronese, ya mwaka 1563, karibu mita 7 kwenda juu na karibu 10 kwa upana. Ndiyo picha kubwa kuliko zote mle. Watu wanaipa mgongo kutwa nzima. Wanajeshi wa Napoleon waliichukua kutoka nyumba ya watawa Venice mwaka 1797 na haijarudi hadi leo.

Ukitoka hapo ingia Grande Galerie, ule ukumbi mrefu wa picha za Kitaliano. Huko zipo kazi nyingine za huyo huyo Leonardo da Vinci: Bikira wa Miamba, Mtakatifu Anna. Hazina kamba wala foleni, unasimama karibu unavyotaka na kukaa utakavyo. Mkono ni ule ule uliochora Mona Lisa! Mimi mgeni wangu ambaye ana haraka huwa nampeleka huku kwanza.

Rais Macron alitangaza Januari 2025 kwamba Mona Lisa atapewa chumba chake peke yake na mlango wake. Ni mpango wa miaka, usiusubiri.

---

Mzee wa Ferry

Euro 32 kuangalia picha. Hiyo ni karibu laki moja ya kwetu. Na eti Mzungu mwenzao analipa 22. Huu si ubaguzi kabisa?

---

Otis wa Kondele

Mzee, tulia kwanza. Serengeti na Maasai Mara mgeni analipa dola nyingi, wewe mwananchi unalipa shilingi, na hujawahi kuandika uzi kulalamika. Wenzetu wameiga tu.

---

Mzee wa Ferry

Tofauti ni kwamba simba wa Serengeti hatukuwachukua kwao.

---

Goma Moja

😂😂 Mzee amefunga kesi.

Lakini ndugu zangu tuseme sawa. Vitu vingi vya Afrika kusini ya Sahara haviko Louvre, viko Musée du quai Branly, makumbusho mengine kabisa karibu na mnara wa Eiffel, yaliyofunguliwa 2006. Zile kazi 26 za ufalme wa Dahomey ambazo Ufaransa iliirudishia Benin mwaka 2021 zilitoka huko. Louvre wana sehemu ndogo upande wa Porte des Lions ambayo tangu 2000 inaonyesha sanaa ya Afrika, Asia, Oceania na Amerika. Ni ndogo lakini imetulia, watu wachache sana wanafika. Wakongomani tukienda huko tunakaa kimya kidogo.

Na wa Misri je? Misri ni Afrika. Upande wa Sully wamejaa: sfinksi mkubwa wa Tanis (sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu) chini kabisa, yule mwandishi aliyekaa kitako na karatasi mapajani. Msikubali mtu awaambie Louvre hakuna Afrika.

---

Kilimahewa

@Goma Moja aksanti ndugu, umeniwahi. Ongeza na hii: kuna picha ya mwanamke mweusi iliyochorwa na Marie-Guillemine Benoist mwaka 1800. Zamani iliitwa kwa rangi yake tu, siku hizi inaitwa Picha ya Madeleine, kwa jina lake. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake 1794, Napoleon akaurudisha 1802, na huyu mama kachorwa katikati hapo, amekaa, anakutazama usoni. Beyoncé na Jay-Z walipopiga video yao mle ndani mwaka 2018 walimweka. Mimi kwangu, picha ile na Mona Lisa, naanza na ile.

Kabla hujakwenda kutafuta kazi yoyote kwa jina, ingia collections.louvre.fr, ni bure, andika jina, itakuambia kama iko wazi na iko chumba namba ngapi. Vyumba vyote vina namba, na ramani ni za namba. Tovuti kuu pia huonyesha vyumba vilivyofungwa siku hiyo, maana hawana watu wa kutosha kufungua vyote kila siku. Angalia asubuhi kabla ya kutoka hotelini. Hapo hapo utaona kama kuna mgomo. Juni 2025 wafanyakazi waligoma kwa sababu ya msongamano, watu wakabaki nje na tiketi zao.

---

shangazi_Tukuyu

Wakuu habari za leo. Nimefika Paris jana, kesho ndiyo ziara yetu ya Louvre, tuko watu sita, naombeni ushauri wa haraka.

---

Otis wa Kondele

Kesho ni Jumanne, shangazi.

---

shangazi_Tukuyu

Eeeh!

---

Kilimahewa

Shikamoo shangazi, pole. Tiketi mlishakata? Kama bado, hakuna kilichoharibika. Kesho nendeni Musée d'Orsay, ng'ambo ya mto, yenyewe hufunga Jumatatu. Ni stesheni ya zamani ya treni, Van Gogh na Monet wako mle, na kwa siku moja inamalizika bila kuumia. Au Versailles, nayo hufunga Jumatatu. Orangerie msijaribu, hufunga Jumanne kama Louvre. Pompidou ilifungwa Septemba 2025 kwa ukarabati wa miaka kadhaa.

Louvre mwende Jumatano jioni. Kateni ya saa 10 au 11, wenzenu waliokuja asubuhi watakuwa wanatoka, na nyie mna mpaka saa 3 usiku kasoro nusu saa.

---

shangazi_Tukuyu

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Hatujakata. Tuna bibi yetu, magoti yanamsumbua, na wajukuu wawili, wa miaka 4 na 9. Itawezekana?

---

Kilimahewa

Inawezekana, ila panga kwa kasi ya bibi. Kiti cha magurudumu wanaazimisha bure pale ukumbi wa chini ya piramidi, unaacha kitambulisho. Vigari vya watoto pia wanavyo. Kwenye piramidi kuna lifti ya mviringo katikati ya ngazi inayozunguka, inapanda na kushuka kama pistoni, wajukuu wataipenda kuliko picha zote. Mwenye ulemavu anayethibitisha kwa hati huingia bure yeye na mtu mmoja wa kumsaidia. Kuumwa magoti bila hati hakuhesabiki, lakini mwoneni mlinzi, wana utu.

Watoto bure wote wawili. Msiwapeleke kwenye picha za watakatifu chumba baada ya chumba, watalia. Wapelekeni Sully chini, kuna kuta na handaki la ile ngome ya zamani, unatembea pembeni yake kabisa. Kisha sfinksi. Kisha Richelieu ghorofa ya chini, ua wa Khorsabad, kuna ng'ombe dume wenye mabawa na vichwa vya watu, warefu kuliko twiga mdogo, wamechongwa Ashuru karne ya 8 kabla ya Kristo. Hesabuni miguu yao: kila mmoja anayo mitano. Mtoto wa miaka 9 ataridhika hapo kwa nusu saa.

Chooni waende mara waonapo choo. Msiseme "baadaye".

---

Wakili wa Igoma

Mkiwa hapo Khorsabad msipite bila kusimama chumba cha jirani, namba 227. Ndipo ilipo sheria ya Hammurabi. Jiwe jeusi lenye urefu wa mita 2 na robo, limeandikwa Babeli karne ya 18 kabla ya Kristo, likachimbuliwa Susa, Iran, mwanzoni mwa karne ya 20. Kila mwanafunzi wa sheria amekaririshwa "jicho kwa jicho", wengi hawajui jiwe lenyewe liko wapi. Juu amechorwa mfalme mbele ya mungu wa jua. Angalia chini kidogo upande wa mbele, kuna sehemu maandishi yamefutwa. Inadhaniwa mfalme aliyeliteka jiwe hilo alitaka kuandika jina lake, hakumaliza.

Mimi nilikaa hapo mpaka mke wangu akaenda kunywa kahawa peke yake.

---

Bint Mkunazini

Assalaam aleikum. Na sisi tunaovaa hijabu, mlangoni wanasumbua? Nasikia mengi kuhusu Ufaransa.

---

Kilimahewa

Waaleikum salaam dada. Hijabu ya kufunika nywele haina tatizo lolote kwa mgeni, mle ndani utaona wengi. Kinachokatazwa kwa sheria ni kufunika uso mahali pa wazi, nchi nzima, tangu 2011, na faini yake ni hadi euro 150. Kwa hiyo niqabu, hapana. Marufuku ya hijabu unayoisikia ni ya wanafunzi wa shule za serikali na watumishi wa umma.

Usikose idara ya sanaa ya Kiislamu, upande wa Denon, chini. Ilifunguliwa 2012, ina paa la kioo na nyavu za rangi ya dhahabu lililotandazwa kama kitambaa kilichopeperushwa. Vyombo, zulia, vigae vya Iznik, Uturuki. Wengi wanaipita juu kwa juu wakimkimbilia Mona Lisa. Na ukimaliza, mstari ule ule wa 7 unakupeleka Place Monge, hatua chache na Msikiti Mkuu wa Paris wa mwaka 1926.

---

Bint Mkunazini

Ahsante kaka, Allah akujaze kheri. Mie niko Abu Dhabi, nina mazoea na Louvre yetu ya huku iliyofunguliwa 2017, hii hufunga Jumatatu, kwa hiyo hilo la Jumanne lingenipata na mimi. Kwa wale wa Ghuba ambao visa ya Schengen imewashinda (euro 90 na hujui kama utapewa), njooni huku. Jina wamelikodi kutoka Paris, na vitu wanaazimwa kutoka makumbusho ya Ufaransa. Si kubwa kama mama yake na hiyo ndiyo raha yake, unaimaliza kwa asubuhi moja. Kuba lake tu, mwanga unavyopenya na kudondoka sakafuni, watosha.

---

Kaka Sele Tabata

Naona mnazungumza sanaa tu. Si ndipo pale walipoiba mchana kweupe? Usalama upo?

---

Goma Moja

Ndipo. Jumapili 19 Oktoba 2025 asubuhi, makumbusho yako wazi, jamaa wakaja na gari lenye ngazi ya kupandishia mizigo, wakaingia kwa dirisha la Galerie d'Apollon, wakabeba vito vinane vya kifalme, wakaondoka kwa pikipiki. Dakika chache tu. Makumbusho yakafungwa, yakafunguliwa tena Jumatano.

Na Mona Lisa mwenyewe aliibwa 1911. Vincenzo Peruggia, aliyewahi kufanya kazi mle ndani, akamtoa akiwa kamficha kwenye nguo. Miaka miwili hajulikani alipo.

Lakini kaka, wewe si taji la kifalme. Mwizi wako ni mwingine.

---

Kilimahewa

Hasa. Mwizi wako ni kibaka wa metro mstari wa 1 na wa foleni ya Mona Lisa, pale ambapo kila mtu ameinua mikono na kuacha mfuko wazi. Aprili 2013 walinzi wa Louvre waligoma siku nzima kwa sababu ya vibaka waliokuwa wakiwatishia hadi wao wenyewe. Begi liwe mbele. Pasi ya kusafiria iache hotelini kwenye sefu. Kama unahitaji kuthibitisha umri au ukaazi, beba kile kitambulisho tu. Nje kuna wasichana wenye karatasi za "sahihi kwa ajili ya viziwi". Wakati unasaini, mwenzake anakusachi. Usisimame.

Jambo jingine dogo linalofungua milango: salamu. Mfaransa ukimrukia na swali bila kumsalimia anakasirika, ni sawa na kumuuliza mzee wa kwetu njia bila shikamoo. Sema "bonjour" kwanza, ngoja akujibu, halafu uliza hata kwa Kiingereza chako. Mlinzi yule yule aliyekunja uso atakuonyesha mpaka choo kisicho na foleni. Vifaa vya kusikiliza maelezo vya kukodi vipo kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo.

---

Otis wa Kondele

Mimi niko na chaneli yangu, nafanya video za safari. Naweza kuingia na kamera yangu na ka-taa kadogo?

---

Kilimahewa

Simu au kamera ya mkononi, sawa. Taa, hapana, iko kundi moja na flashi na stendi. Na kama ni kurekodi kikazi, kuna kibali kinachoombwa mapema kwa makumbusho. Utakachofanya ni rahisi: piga vipande vifupi ukitembea, sauti weka nyumbani. Ukianza kuongea na kamera katikati ya chumba 700, mbele ya picha za Delacroix na ile ya Chelezo la Medusa ya Géricault, walinzi hawatakuwa tatizo lako la kwanza. Watazamaji wenzako watakunyamazisha kabla yao.

---

Mzee wa Ferry

Nimesoma uzi wote. Bado sijakubali bei, lakini mwanangu anasoma Lille, ana miaka 23. Ina maana yeye bure?

---

Kilimahewa

Bure kabisa, mzee wangu. Kibali chake cha ukaazi na kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa, basi. Lille mpaka Paris ni saa moja kwa treni, anaweza kwenda kila mwezi. Mwambie aende jioni za Ijumaa na aone chumba kimoja kimoja.

---

Rangi za Msasani

Salaam wakuu. Mimi mchoraji, nafanya Tingatinga na mambo yangu mengine. Nimealikwa kwenye maonyesho Ufaransa, nitakuwa na siku moja Paris. Je, mle ndani naruhusiwa kuchora?

---

Kilimahewa

Karibu sana mkuu. Penseli na daftari la mkononi, ruksa, hakuna atakayekuuliza, ilimradi usizibe njia. Rangi na turubai ni habari nyingine. Kuna wachoraji utawakuta wamesimama na vibao vyao wakinakili picha za wakubwa, desturi hiyo ni ya tangu makumbusho yaanze, ila wana vibali vya miezi, na nakala yao lazima iwe na vipimo tofauti na vya asili. Kwa siku moja hutakipata. Lakini simama nyuma ya mmoja wao dakika kumi, uone anavyochanganya rangi. Wengine ukiwasalimia vizuri wanaongea.

Wewe nakushauri uende Cour Marly, upande wa Richelieu. Ni ua uliofunikwa kwa kioo, mwanga wa jua unaingia mpaka chini, sanamu za marumaru zimetawanyika, wakiwemo farasi wawili wa Guillaume Coustou wanaoinuka kwa miguu ya nyuma. Kuna ngazi na mahali pa kukaa, na watu ni wachache hata mchana wa Agosti.

---

Rangi za Msasani

Farasi tena! Basi Mona Lisa nitampungia mkono tu. Penseli ya mkaa je, wanakubali? Inachafua.

---

Kilimahewa

Hapo acha mkaa, chukua penseli ya kawaida na kichongeo chenye kikopo, usije ukaacha vumbi sakafuni wakakutoa. Kichongeo kiwe kidogo, kisiwe kile cha wembe. Mashine ya mlangoni itakiona.